Kukonda Nilikokusingizia, Mama

Mama yangu mpenzi,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye cherehani yangu, kibarazani hapa Mikumi, na sketi ya sare ya shule bado haijatiwa pindo. Mwenye sketi atakuja saa kumi, atanikuta na kalamu mkononi, na itabidi asubiri. Nina jambo la kuungama kwako. Nimeona niliandike wazi, asome anayetaka, kwa sababu nililifanya mbele za watu na watu wengi waliliamini.

Nilikusingizia, Mama. Kwa miezi mingi watu wa Mikumi na wa Kilosa waliamini kwamba nakonda kwa sababu yako, nami nikawaacha waamini. Leo nimetulia na moyo wangu una raha, kwa hiyo naweza kulisema kosa langu lote bila kulipunguza. Lakini nianzie mbali kidogo, maana hukupenda mtu aanze habari katikati.

Unakumbuka nilivyokuwa nikija Kilosa? Kabla sijatua mkoba, shikamoo yangu ikiwa bado hewani, ulikuwa unanishika mkono hapa juu, karibu na bega, unaubonyeza kama mtu anayechagua parachichi sokoni. Mkono ukijaa kiganja chako unaitikia marahaba ndefu. Ukiona haujajaa unageuka kimya unaingia jikoni. Hukuuliza habari za mume wala za wajukuu, kwa sababu mkono ulikuwa umeshakupa habari zote. Baba Nasri alilijua hilo, na wiki ya safari alikuwa ananisukumia minofu yote ya samaki yeye anabaki na vichwa. Alisema ataonekana hanilishi na mama mkwe atamnyang'anya mke.

Halafu kuna shanga. Najua ungenikemea kwa kuandika mambo ya kiunoni mahali ambapo wanaume watasoma, lakini nivumilie, bila shanga barua hii haiendi. Ule uzi wa shanga nyekundu na nyeupe ulinitungia mwenyewe nilipokuwa mwali, zile wiki nilizowekwa ndani nikifundwa na kulishwa uji wa karanga mpaka mashavu yakang'aa. Siku ya kutoka uzi ulikuwa umeshanibana. Ukacheka kwa furaha mbele ya kungwi wangu, ukaukata, ukaongeza shanga tano.

Toka hapo ikawa ndiyo desturi yetu. Nikija na kuoga, unaingia chumbani na kikopo chako, unakata uzi, unaongeza tatu, mwaka mwingine unaongeza sita, unafunga. Mimi ni fundi, napima watu kwa futi. Wewe ulipima kwa shanga, na kila iliyoongezeka ilikuwa ushahidi kwamba mwanao anaishi vizuri. Siku moja, ukiwa umeng'ata uzi kwa meno, ulisema neno ambalo sijalisahau.

"Mwanaidi, siku watakapokuona umekonda, wajue mimi sipo."

Basi ukaondoka. Uliamka asubuhi kama kawaida, ukakoroga unga wa vitumbua, ukakaa kwenye kigoda, na hukuinuka tena kwa nguvu zako. Kumbe presha na sukari ulikuwa umezibeba miaka yote huku unazificha kwa kicheko. Ukiulizwa ulikuwa unajibu kwamba sukari yako ni ya kuzaliwa nayo, ndiyo maana vitumbua vyako ni vitamu kuliko vya wenzako. Tulicheka na wewe, Mama. Sasa hivi nikikumbuka tulivyokuwa tunacheka, nasikia uchungu.

Baada ya arobaini yako ndipo miguu yangu ilipoanza kugoma. Nilikuwa nakanyaga cherehani nusu saa, goti linawaka moto. Nikisimama kumpima mteja, kichwa kinazunguka. Baba Nasri akanipeleka Morogoro kwa daktari, binti wa umri mdogo kuliko mtoto wa kwanza wa mdogo wako Hadija, mwenye adabu zake. Aliniamkia shikamoo, akanipima presha, akachukua damu, akanipandisha kwenye mizani. Halafu akauliza mama yangu alifariki kwa ugonjwa gani na akiwa na miaka mingapi. Nikamwambia kiharusi, miaka hamsini na tisa. Akaandika, akainua uso.

"Na wewe una mingapi, mama?"

Nikasema arobaini na tatu. Akaandika na hiyo. Hesabu niliifanya mwenyewe ndani ya basi, na kabla hatujafika Mikumi nilikuwa nimeirudia mara nyingi mpaka Baba Nasri akaniuliza mbona nahesabu vidole.

Tulianza na vidonge na kupunguza wali na kutembea jioni. Sukari ikashuka kidogo, uzito ukakaa palepale kana kwamba umeandikiwa hati ya kiwanja. Safari ya tatu ndipo daktari alipoandika sindano. Ni ya mara moja kwa wiki, Mama, unajichoma mwenyewe tumboni kwa kitu kama kalamu nene, sindano yake fupi kuliko pini zangu. Alinieleza kwamba inashusha sukari na kumfanya mtu ashibe mapema, kwamba tutaanza na kipimo kidogo na kupandisha taratibu, na kwamba haifanyi miujiza, lazima nichunge chakula na nitembee. Akanionya nisimwazime mtu hata akilia, kwa sababu mimi nimepimwa na yeye hajapimwa. Nikachagua Ijumaa iwe siku yangu, baada ya sala ya alasiri, nisije nikasahau.

Wiki za kwanza nilijuta. Nilikuwa na kichefuchefu, nabeua kama mzee aliyemaliza pombe ya harusi, na harufu ya samaki wa kukaanga ilinitoa ndani mbio. Lakini kulikuwa na jambo jingine, na hili ningependa kukusimulia tukiwa tumekaa jikoni kwako. Nilikula wali vijiko sita nikashiba. Nikakaa naitazama sahani. Miaka yote nilikuwa najua kuvimbiwa na najua njaa, lakini pale katikati sikuwahi kupajua. Nilikaa pale katikati nikiwa mgeni, na kusema kweli palinipendeza.

Jirani yangu ni Mama Upendo, Msukuma, wao walihamia huku na ng'ombe miaka ile, na ndiye anayetuletea maziwa. Alinikuta natapika nyuma ya nyumba akanipa hongera ya mimba. Baada ya miezi miwili, hongera yake ilipokosa tumbo la kuisindikiza, alianza kunitazama kwa huruma. Nguo zangu nilikuwa nimeshazipunguza mara mbili. Asubuhi moja alitua ndoo ya maziwa, akanishika mkono palepale ulipokuwa unanishika wewe, akatikisa kichwa.

"Pole, Mama Nasri. Mama ni mama. Msiba unakula mwili."

Nikasema, "Ahsante."

Ni hilo tu, Mama. Sikutunga uongo. Niliitikia pole, kama mtu yeyote mwenye adabu anavyoitikia pole, na mpaka jioni mtaa mzima ulijua kwamba Mama Nasri anakonda kwa kumlilia mama yake.

Kwa nini nilinyamaza? Nilikuwa naogopa kuchekwa. Mama yake hata nyasi hazijaota juu yake, wangesema, yeye anachoma sindano ajikondeshe kama wasichana wa kwenye simu. Na unajua huku kwetu mtu akipungua watu wanaanza kumpa magonjwa, wakichoka na magonjwa wanamgeukia mume wake. Msiba wako ulinipa kivuli kizuri. Chini yake hakuna aliyeniuliza kitu. Wateja walinivumilia nikichelewesha nguo, na mmoja aliniletea hata kiroba cha vitunguu vya Malolo. Nilikuwa nakulilia kweli, Mama, hilo Mungu anajua. Ila machozi yangu yalikuwa na kazi yake na sindano ilikuwa na kazi yake, nami nikayaacha machozi yabebe sifa zote.

Baba Nasri ndiye pekee aliyejua, kwa kuwa kalamu ilikaa kwenye friji yake, ndani ya kopo la siagi, nyuma ya maji ya kunywa. Alinishauri angalau nimwambie mama mdogo Hadija. Nikamjibu kwamba mdogo wako ni mtu mzima, atanielewa nikiwa tayari. Akaniambia, "Haya, lakini yule mama anakuja hapa anakutazama kama anakuaga." Nikamwambia anakuza mambo.

Kwa kweli alikuwa anakuja. Kila baada ya wiki mbili alipanda basi la asubuhi kutoka Kilosa na mzigo kichwani, mchele wa Kilangali, karanga, kuku aliyefungwa miguu. Anapika mwenyewe, anapakua mlima, anakaa mbele yangu. Mimi nakula vijiko sita, nasukuma sahani, nasema nimeshiba mama mdogo. Hakunilazimisha kama ulivyokuwa unalazimisha wewe. Alikuwa anafunika chakula, anaosha vyombo, anapanda basi la kurudi. Nilikuwa najitazama mimi tu kwenye kioo cha wateja, nikizunguka kushoto na kulia, na sikumtazama yeye hata mara moja.

Shanga nazo zikaanza kusema. Siku moja nimesimama nampima mteja mabega, uzi ukateleza, ukapita nyonga, ukadondoka miguuni. Nikaukanyaga kwa kandambili nikaendelea kutaja vipimo kama hakuna kilichotokea, na nilisimama pale kama nguzo mpaka yule dada alipoondoka. Nikauweka uzi kwenye kopo la vifungo. Kuukata na kuupunguza nilishindwa, kwa sababu wewe uliongeza tu, hukuwahi kupunguza.

Halafu mama mdogo akapiga simu. Akasema Ijumaa nije Kilosa, kuna shughuli yako, nisikose. Nikadhani ni hitima. Kwa kuwa ilikuwa Ijumaa, nikaitia kalamu yangu kwenye chupa ya chai, nikiwa nimeizungushia kitambaa cha maji baridi. Daktari alisema hata nje inakaa, lakini joto la Kilosa sikutaka kulijaribu.

Nilikuta uani kwako wanawake wa ukoo wamekaa kwenye mikeka, sufuria ya pilau iko motoni, na shehe amesema atakuja baada ya sala kutusomea dua. Chupa yangu ikapokelewa ikawekwa pamoja na chupa nyingine za chai. Mama mdogo Hadija akanivika kanga yako ile ya kijani, akanikalisha kizingitini, nikiwa nimeuelekea mlango wa chumba chako. Mkononi alikuwa na bakuli la unga wa mtama na maji, kama ulivyokuwa unafanya wewe ukimwomba marehemu bibi mvua zikikawia. Nikaona hii si hitima, ila nilikuwa sijaelewa bado.

Akachota unga, akaumwaga mlangoni, akaanza kusema na wewe. Sauti yake ilikuwa ya mdogo anayeongea na dada yake, ya heshima.

"Dada, shikamoo. Tumekuja wanao na wadogo zako. Tunajua ulizoea kumlisha huyu mtoto. Tunajua mkono wako bado unatafuta kumpakulia. Lakini huko uliko hakuna jiko, dada. Usimvute. Muachie abaki, ana watoto. Kama kuna kosa tulilokukosea, nikamate mimi. Muachie Mwanaidi."

Wanawake wakaitikia, "Muachie."

Mama, nilihisi ardhi inanimeza. Walikuwa wanakubembeleza kama mtu anayembembeleza mwizi arudishe kitu. Wewe, uliyeniongezea shanga tatu tatu maisha yako yote, umekaa kwenye kaburi lako unaambiwa unaniua. Na aliyekufikisha hapo ni mimi, kwa neno moja la ahsante. Mama mdogo akachota unga mara ya pili. Nikamshika mkono.

"Mama mdogo, muacheni mama. Hajaniita."

Nikainuka, nikaenda kwenye zile chupa, nikaifungua ya kwangu mbele yao. Kuna binamu yangu alikuwa ameshashika kikombe akidhani nagawa chai. Nikatoa kile kitambaa, nikatoa kalamu, nikawaeleza yote, daktari, sukari, Ijumaa, vijiko sita, na pole ya Mama Upendo niliyoiitikia. Nikasema namlilia mama kila siku, lakini kukonda ni kwa dawa, na nimekonda kwa kutaka mwenyewe, nisifuate njia aliyopita yeye. Pilau ilianza kuungua na hakuna aliyeinuka kuitoa.

Mama mdogo Hadija alikaa chini taratibu, mikono ina unga mpaka kwenye kifundo. Nilingoja anitukane. Akavuta mkono wa gauni lake juu, akanionyesha mkono wake mwenyewe. Ulikuwa umebaki ngozi na mfupa.

"Wewe umekonda kwa sindano," akasema. "Mimi nimekonda kwa ajili yako. Kila Jumatatu na Alhamisi nafunga, naomba usife."

Hapo ndipo nililia kilio ambacho sikukilia hata siku tulipokuzika. Niliushika ule mkono wake nikauweka usoni kwangu. Nikamwomba msamaha mbele ya wote, nikamwambia nilikuwa mwoga, na woga wangu umekula mwili wa mtu asiye na kosa. Aliniacha nilie. Hakusema amenisamehe wala hajanisamehe. Akanyoosha mkono, akachota unga uliobaki, akaugeukia mlango wako.

"Dada, tusamehe. Tumekusingizia. Lala."

Akaumwaga wote, akajipangusa mikono, akauliza nani anaangalia ile pilau. Binamu yangu mwenye kikombe ndiye aliyeanza kucheka, halafu shangazi zangu wote, halafu yeye mwenyewe. Shehe alipofika alikuta waliofiwa wanashika mbavu. Alisoma dua yake, mara hii ya kukuombea wewe tu, tukaitikia amina kwa moyo safi.

Baada ya alasiri nilijichoma pale pale kitandani kwako, mama mdogo amesimama pembeni yangu. Aliuliza inauma, nikasema kidogo kuliko siafu. Mashangazi wawili wakataka na wao wachomwe papo hapo, nikawajibu kama daktari alivyoniagiza, kwamba waende wakapimwe kwanza. Mmoja ameshakwenda, na amekutwa na presha ya kutosha kutuogopesha. Sasa anameza vidonge bila kuvificha.

Jioni, kabla sijapanda basi, mama mdogo alifunga mlango wa chumba akaniuliza shanga ziko wapi. Nilikuwa nimezibeba kwenye mkoba, sijui kwa nini. Akauzungusha uzi kiunoni kwangu, akaona unavyoning'inia, akaguna. Akang'ata uzi kwa meno kama wewe, akatoa shanga moja moja, akafunga ukanikaa sawasawa. Zilizobaki alizikusanya kiganjani. Nikadhani atazirudisha kwenye kikopo chako. Badala yake akachukua kikopo chako, akazichanganya na za humo, akatunga uzi mwingine, akapandisha gauni lake, akajifunga mwenyewe. Zilimtosha. Akasema sasa ni zamu yangu kuja kumwongezea.

Basi nakwenda, Mama. Kila baada ya wiki mbili napanda basi la asubuhi kwenda Kilosa na mzigo kichwani. Napika, napakua, nakaa mbele yake mpaka amalize. Anakula, na faini anayonitoza ni kunisema mpaka nipande basi. Wiki iliyopita nilimwongezea shanga mbili. Mkono wake nimeubonyeza, bado haujajaa, lakini unakuja.

Mimi nimepungua kilo kumi na tisa na daktari ameridhika. Sukari imeshuka, goti linakanyaga cherehani kutwa nzima, na safari hii kipimo hakikupandishwa. Sijui nitaitumia sindano hii kwa muda gani. Daktari amesema tutaangalia pamoja, na mimi sina haraka. Nimemwambia Mama Upendo ukweli siku ileile niliporudi. Alinuna siku mbili, siku ya tatu akaleta maziwa akauliza kama dawa yangu inaruhusu mtindi. Wanaouliza mbona nimepungua nawajibu wazi kwamba ni dawa, nimeandikiwa na daktari, na mama yangu hana hatia.

Mwenye sketi amefika, amesimama mlangoni, ananiamkia. Ngoja nimalizie, Mama, nimtie pindo lake aende.

Ulisema, "Siku watakapokuona umekonda, wajue mimi sipo." Wameniona, Mama. Na kila aliyeniona, kabla hajataja kitu kingine chochote, alikutaja wewe.

Pumzika. Unga wa mlangoni tumeufagia, hakuna anayekudai mtu.

Ni mimi mwanao,
uliyekuwa ukimwongezea shanga.